Masika Filta Ilipoziba

Jumamosi, 2 Machi 1996. Kiomboni.

Shirika lilinipunguza kazini miaka mitatu iliyopita, lakini tabia halikuipunguza. Miaka kumi na tisa niliandika daftari la injini kila siku ya Mungu: saa ngapi imewaka, imekula mafuta kiasi gani, nini kimeharibika na nani kakiharibu. Mkono ukishazoea hautulii. Biasha, mke wangu, ananiuliza mtu mzima anayeandika habari za chombo kimoja anamwandikia nani. Nimemwambia simwandikii mtu, naandika tu, yeye aendelee na mchele wake.

Chombo chenyewe ni mashua ya futi ishirini na nane. Kaiunda shemeji yangu Haidari, nami nikatia injini ya dizeli ya silinda mbili niliyoinunua kwa kiinua mgongo changu. Tuliiandika jina la heshima ubavuni. Watu wa hapa wakalipuuza, wanaiita Kiinua Mgongo. Basi na iwe.

Sasa lililo muhimu. Dada yangu Rukaiya, mke wa huyo Haidari, anatumia dawa za kifua kikuu. Mwezi wa kumi alikuwa hawezi kutoka kisimani na nusu ndoo. Miezi miwili alilala Kibiti kwa binti yake Nasra, akimeza vidonge mbele ya nesi kila asubuhi. Sasa yuko nyumbani, na kila Jumanne ya pili lazima afike kituo cha afya cha Kibiti mwenyewe, apimwe uzito, apewe vidonge vya wiki mbili. Hawampi vya zaidi. Nesi Muzdalifa aliniita mimi pembeni, maana alimwona Haidari anatetemeka, akaniambia dada yangu akikatiza dawa ugonjwa utarudi, na ukirudi vidonge hivi huenda visiuweze. Anamaliza mwezi wa sita.

Na hii ndiyo masika inaingia. Kwa kasia, mto ukijaa, kufika Nyamisati, tunapopandia gari ya Kibiti, ni siku nzima na huenda ukalala njiani. Kwa injini ni saa mbili na nusu. Kwa hiyo injini hii haitakiwi kuzima. Nimeandika hapa ukurasa wa kwanza makusudi.

Jumanne, 12 Machi

Safari ya kwanza ya mwezi. Tumeondoka alfajiri na maji kujaa, Nyamisati saa tatu kasoro, gari ya Kibiti tumeikuta. Injini imekwenda vizuri mno. Rukaiya kilo arobaini na nne. Kurudi, vijana wa gatini walisimama kuisikiliza injini, nami sikujifanya sijawaona.

Jumatano, 20 Machi

Mvua. Haidari anaziba nyufa za kalafati kwa pamba na kupaka mashua sifa. Hayo mafuta ya papa yanatia harufu mpaka kwenye chai.

Jumanne, 26 Machi

Imezima.

Tulikuwa tumeshapita mikoko ya mwisho. Ikapoteza nguvu kidogo kidogo, ikawa inavuta pumzi na kuacha, kisha kimya. Nikajua ni mafuta hayafiki. Nikafungua kikombe cha filta nikakuta uchafu unaoteleza, kama ute wa bamia, rangi ya chai ya maziwa. Filta ya karatasi imevimba na kuziba. Nikaibadilisha, nikatoa hewa kwenye mabomba, nikapiga hendeli, ikawaka. Dakika arobaini zimepotea.

Rukaiya alikuwa amekaa omoni, mbele kabisa ya chombo, peke yake, hataki kupumulia watu. Akanigeukia akauliza kati yake na injini yangu nani anakohoa zaidi. Watu walicheka. Mimi sikucheka, ingawa naandika sasa na naona alinipata.

Tuliwahi. Kilo arobaini na tano.

Jumatano, 27 Machi

Nimekaa na jambo hili mchana kutwa. Uamuzi wangu: maji ya mvua. Maji yakiingia kwenye dizeli huzaa uchafu, hilo nilifundishwa na wala sihitaji kufundishwa tena. Nimefunga mdomo wa tanki kwa mpira wa baiskeli na nailoni. Nimetia koki chini ya tanki, kila asubuhi nafungua kidogo kutoa maji yaliyotuama. Dizeli sasa naimimina kwa faneli yenye kitambaa kizito, si kwa kanga, maana kanga inaacha nyuzi. Haidari alisimama kuniangalia, akasema tanki lile ni zuri, halitaliwa na kutu. Nikamwambia wewe shughulika na mbao.

Jumatatu, 8 Aprili

Mvua siku ya sita. Mto umepanda mpaka kwenye kilindo, kibanda cha kulindia mpunga cha jirani.

Jumanne, 9 Aprili

Mara mbili.

Mara ya kwanza karibu na pale pale, ya pili katikati ya mlango, mto unapokutana na bahari, mawimbi yanatupa chombo huku na huku. Ute ule ule. Maji hayakuwamo, nilifungua koki asubuhi, tone moja tu. Nilikuwa sina filta mpya, nikaiosha ya zamani kwa petroli na kuirudisha, kazi ambayo kule shirikani ningemfukuza mtu kwa kuifanya. Ikatufikisha. Gari tuliikuta inaondoka, Haidari akakimbia mbele yake kwenye matope amenyoosha mikono kama anazuia ng'ombe.

Muzdalifa alitupatia vidonge ameshavua koti la kazi. Kilo arobaini na sita.

Usiku Biasha aliniuliza kwa upole kama labda ni vizuri kukodi boti ya wanunuzi wa kamba kwa safari hizi. Nikakasirika bure. Boti ya wanunuzi wa kamba inaondoka ikishajaa kamba, haiangalii Jumanne wala Jumatano, anajua. Lakini kilichoniuma ni kwamba swali lilikuwa la haki.

Alhamisi, 11 Aprili

Nimeagiza Dar filta tatu mpya. Zikija nitazifungia kwenye kopo la maziwa lenye mfuniko.

Jumapili, 14 Aprili

Mvua.

Jumatano, 24 Aprili

Naandika Nyamisati, juu ya gunia la mkaa.

Jana tulizima mara tatu. Ya tatu nilikuwa nimemaliza filta mbili kati ya tatu, mkondo unatupeleka nje, giza la mvua, nikaona nikiendelea nitaua watu. Tukaingia kwenye kijito, tukafunga kamba kwenye mkoko, tukalala humo humo na mbu. Asubuhi Rukaiya hakuwa na kidonge. Aliingiza kidole kwenye chupa tupu akaigeuza, nikamwona, akaona nimemwona.

Nyamisati tumefika mchana. Gari hakuna. Kesho alfajiri.

Alhamisi, 25 Aprili. Kibiti.

Siku mbili bila dawa, jana na leo mpaka saa tano. Muzdalifa alitia alama nyekundu mbili kwenye kadi. Nilitaka kumweleza habari ya filta, akainua mkono, akasema, "Baba, mimi sijui injini. Mbili hizi tutazifidia mwishoni. Zikizidi, sina la kukusaidia."

Alisema vizuri, hakufoka. Ningependa angefoka.

Ijumaa, 26 Aprili

Jana niliwaacha Rukaiya na Haidari kwa Nasra nikapanda lori mpaka Ikwiriri, kwa Sadala.

Sadala ndiye anayeniuzia dizeli. Ana mapipa sita nyuma ya stendi ya mabasi. Zamani mafuta yalikuwa ya serikali, na yasipokuwapo hakuna. Sasa kila mwenye pipa ni muuza mafuta, na kila mtu anajua wapo wanaochanganya mafuta ya taa na wapo wanaochanganya mambo mengine. Tangu Jumanne nilikuwa nimeshaamua. Ute ule hautoki mbinguni.

Nilimkuta na wateja, makondakta na mwanamke mwenye mashine ya kukoboa. Nikamwita mwizi. Nikasema mbele yao wote kwamba anauza uchafu, kwamba kuna mgonjwa amekosa dawa siku mbili kwa ajili yake. Sadala ni mtu mfupi, mtaratibu, ana bawasiri ya siku zote kwa hiyo hakai, anasimama tu. Alichukua gilasi akachota dizeli kwenye pipa, akaiinua juani mbele ya watu. Ilikuwa safi. Nikasema hilo ni pipa la maonyesho. Hapo akaweka gilasi chini, akaniambia niondoke na nisirudi.

Yule mwanamke wa mashine aliondoka bila kununua. Nilifurahi, naandika ukweli.

Nina dumu moja la lita ishirini la mafuta yake ya mwezi huu, halijafunguliwa, bado lina kamba yake. Nimeandika juu yake kwa chaki USHAHIDI. Safari ijayo nalipeleka polisi Kibiti. Dizeli ya tanki nimenunua kwa mtu mwingine hapa hapa Kibiti.

Jumatatu, 29 Aprili

Iddi kubwa. Tumekula kwa Rukaiya. Amepika mwenyewe, mara ya kwanza tangu mwaka jana. Haidari alikuwa akimfuata jikoni na kurudi mpaka akafukuzwa.

Alhamisi, 2 Mei

Mvua na upepo wa kusi. Nimesafisha kila bomba kwa kupuliza. Hakuna lililoziba.

Jumatano, 8 Mei. Kibiti, kwa Nasra.

Nataka niandike yote ya jana kabla sijasahau mpangilio wake.

Tuliondoka alfajiri watu saba: mimi, Haidari, Rukaiya, na abiria wanne ambao bado wananiamini au hawana njia nyingine. Tanki limejaa mafuta ya yule mtu wa Kibiti. Nina filta nne mpya kwenye kopo. Ushahidi umefungwa nyuma, unaenda polisi.

Mpaka mikoko ya mwisho, salama. Kisha mlango. Mto ulikuwa umejaa mwekundu, unasukuma kwenda nje, na upepo unarudisha mawimbi ndani, vikikutana chombo kinarukaruka. Ikazima. Nikabadilisha filta, ikawaka, ikaenda dakika ishirini, ikazima. Nikabadilisha. Dakika kumi. Nikabadilisha. Ute, kila mara ute, mwingi kuliko siku zote, vipande kama utando wa maziwa. Ya nne ikaenda dakika sita nilizohesabu kwa saa.

Nanga ilikuwa inaburuzwa. Niliona mistari ya povu nje kule na nikajua tukifika huko hatutarudi kwa makasia mawili. Rukaiya alikuwa ameshika mfuko wa kadi yake kifuani, ameuzungushia nailoni. Abiria mmoja alianza kusoma Yasini kwa sauti. Nikawaza polepole kabisa, kama nilivyofundishwa ujanani: injini ni nzima, pampu ni nzima, inachotaka ni mafuta yaingie bila kupita tanki wala filta. Mafuta mengine humu ndani ni yapi? Nikageuka nikaliona dumu.

Sikuwa na nafasi ya kuona aibu. Nilikata kamba ya ushahidi wangu, nikang'oa mpira unaotoa mafuta kwenye tanki, nikautia kwenye dumu, mdomo wake nikaufunga kipande cha kitambaa kizito, nikavuta kwa mdomo mpaka dizeli ikanijia kooni, nikaunga kwenye pampu. Lakini dumu lazima liwe juu ya injini ili mafuta yateremke yenyewe, na mashua hii haina mlingoti wala paa. Kuliweka juu ya ubao haikutosha, kila wimbi lilikuwa linaingiza hewa.

Haidari akasimama. Akalinyanyua dumu, akaliweka begani. "Niambie kiasi gani," akasema.

Nikamwambia hapo hapo, asishushe hata kidole.

Nikapiga hendeli. Ikawaka mara ya pili.

Saa moja na robo. Nimeandika na ninarudia kuandika: saa moja na robo mtu wa miaka hamsini na sita alisimama katikati ya chombo kinachorukaruka, na lita ishirini begani, mvua inampiga usoni, miguu ameipanua. Dizeli ilimwagika ikamchuruzika mgongoni. Wimbi la tatu lilipotaka kumwangusha, Rukaiya alitoka omoni, akapiga magoti nyuma yake, akamkumbatia kiunoni, akamshikilia. Yule mgonjwa. Hakuna aliyemwambia. Wakakaa hivyo mpaka maji ya utulivu. Injini haikukohoa hata mara moja.

Tulikuta gari. Tumepata dawa. Kilo arobaini na nane.

Polisi sikwenda.

Baadaye, siku hiyo hiyo

Silali mchana huu. Mafuta ya tanki yalikuwa ya mtu mwingine, si ya Sadala, na yakaziba vibaya kuliko siku zote. Mafuta ya Sadala, yaliyokaa ndani ya dumu wiki mbili na kupita kwenye kitambaa tu, yameendesha injini saa nzima na zaidi bila chembe. Kitambaa kile nimekitazama: safi. Basi uchafu hautoki kwa Sadala. Hautoki kwa mtu wa Kibiti. Unatoka mahali ambapo mafuta ya wote wawili yamekaa.

Na mimi, fundi, wiki sita nimefungua filta, mabomba, koki, kila kitu. Ndani ya tanki sijatia mkono hata siku moja. Lilikuwa jipya, limeungwa Kibiti kwa bati la pipa, na nilijiambia jipya ni safi.

Ijumaa, 10 Mei. Kiomboni.

Tulirudi jana na dumu limefungwa juu ya mti tuliousimamisha katikati. Polepole, salama.

Leo asubuhi nimelitoa tanki, nimeliweka mchangani, nimefungua bolti sita za mfuniko. Haidari alikuwa ananisaidia, bega limevimba. Nikatia mkono. Ukuta wote wa ndani una ngozi, laini, inachubuka kwa vidole kama utando wa uji. Nikaitoa nikainusa. Mwanzo sikuielewa, kwa sababu mashua yote inanuka hivyo, mikono yetu inanuka hivyo, hata chai. Papa.

Nikamtazama Haidari. Alikuwa ameshaacha kufuta spana.

"Chuma kinaliwa na kutu, shemeji," akasema. "Wewe ulikuwa Dar unatafuta injini, tanki lilikaa uani linanyeshewa. Nikalipaka sifa ndani, mara mbili, likakauka vizuri. Nilitaka lidumu."

Mbao zote alizowahi kuunda zinadumu kwa sifa. Baba yake alifanya hivyo na babu yake. Hakuna aliyemwambia dizeli inaila sifa, inailainisha, na chombo kikitikiswa inamenyeka na kushuka kwenye bomba. Ndiyo maana kila mara ni mlangoni, penye mawimbi. Nami nilikuwa nimemwambia ashughulike na mbao zake.

Kisha nikaona jambo lenyewe linamfika usoni. Akakaa chini. "Basi aliyekuwa akimzuia kufika kwenye dawa ni mimi," akasema.

Mimi ni mtu wa kufoka, wote wanaonijua wanajua, na wiki mbili zilizopita ningefoka mpaka Mafia wasikie. Nilifungua mdomo. Lakini nilikuwa naliona lile bega. Nikamwambia sote wawili. Nikamwambia wewe umelipaka, na mimi niliyelipwa miaka kumi na tisa kuangalia ndani ya vyuma sikuangalia. Nikamwambia pia kwamba Jumanne, ule mpira usingepita begani kwake, tusingekuwa tunazungumza.

Alichukua kipande cha bati akaanza kukwangua.

Jumapili, 12 Mei

Haidari kamwambia mkewe mwenyewe. Nilikuwapo, nimekwenda kuomba chumvi. Rukaiya alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa anachambua mchicha, akasema, "Miaka kumi nakuomba uupake sifa mlango wangu wa uani unaooza, hupati nafasi. Tanki la huyu ndugu yangu Mshamu ukapata nafasi ya mara mbili."

Kisha akacheka mpaka kifua kikamshika, na kilipomwachia akacheka tena. Haidari alikuwa analia. Niliondoka bila chumvi.

Jumanne, 14 Mei

Kuosha tanki. Changarawe, chokaa kidogo ya kombe, mafuta ya taa, mfuniko umefungwa, tukalizungusha mchangani mimi na Haidari, mbele na nyuma, kwa saa tatu. Watoto na wakubwa walitoka kutazama wazee wawili wanaosukuma tanki. Nimemwaga, nimekagua kwa tochi. Tena kesho, kwa maji ya moto na magadi. Kisha kulikausha juani, kama jua litatoka.

Ijumaa, 17 Mei. Ikwiriri.

Sadala alinifanya nirudie.

Nilimkuta peke yake, nikaanza kumwomba radhi kwa sauti ya chini, akanikatiza. Alisema nilimtukana kukiwa na watu, basi radhi nayo ingoje mpaka watu waje. Tukasubiri, yeye amesimama na mimi nikasimama. Makondakta wakaja, fundi baiskeli akaja, yule mwanamke wa mashine ya kukoboa, ambaye sikumtarajia, naye akapita. Nikasema yote kwa sauti ile ile ya mwezi jana: kwamba uchafu ulikuwa ndani ya tanki langu, kwamba mafuta ya Sadala ndiyo yaliyotutoa mlangoni, kwamba nilikuwa nimeyaweka kama ushahidi wa wizi wake. Hapo kwenye ushahidi walicheka, hata yeye.

Mwanamke wa mashine alichukua lita kumi. Sadala alinijazia pipa langu, akanishika mkono, akaniuliza hali ya mgonjwa. Nilikuwa nimejiandaa kwa matusi, si kwa hilo. Njiani kurudi nilikuwa mwepesi kiasi cha kumwimbia dereva wa lori, ambaye hakuniomba.

Jumatatu, 20 Mei

Tanki limerudi. Nimeweka filta mbili sambamba kila moja na koki yake: ikiziba moja unafunga, unafungua ya pili, injini haijui. Kabla ya filta nimeweka gilasi ya kuona mafuta yanavyopita. Haidari amejifunza kubadilisha na kutoa hewa, kwa macho wazi na kwa kufumba macho, mara tano. Ana mikono mizuri kuliko vijana wote niliowahi kufundisha shirikani. Sijui kwa nini nilidhani mtu wa mbao hawezi chuma.

Jumanne, 21 Mei

Mawimbi makubwa. Haikuzima. Gilasi safi kwenda na kurudi. Kilo arobaini na tisa na nusu.

Jumapili, 26 Mei

Jua. Mpunga umeanza kunyooka.

Jumanne, 4 Juni

Haikuzima. Leo Rukaiya ametoa makohozi ya mwisho kupimwa. Muzdalifa amempa vidonge vya wiki mbili, na viwili vya kufidia zile siku mbili. Majibu Jumanne ya tarehe kumi na nane.

Jumapili, 9 Juni

Nimebadilisha filta moja ili kuiangalia tu. Haikuwa na kitu.

Alhamisi, 13 Juni

Haidari hali chakula vizuri. Kila jioni anakuja, anafungua koki ya tanki, anatazama tone, anaifunga. Nimemwambia tanki limepona. Anasema anajua. Simwulizi zaidi kwa sababu mimi mwenyewe naamka usiku nahesabu zile alama mbili nyekundu.

Jumatatu, 17 Juni

Upepo umetulia. Kesho.

Jumanne, 18 Juni

Injini imewaka hendeli ya kwanza, imefika Nyamisati kwa saa mbili na dakika ishirini. Haidari alibaki kulinda chombo. Alisema kuna vijana wanaiba koki. Hakuna vijana wanaoiba koki.

Kituoni tulisubiri kwenye benchi mpaka saa sita. Rukaiya alikuwa anahesabu nyumba za nyigu darini. Muzdalifa alituita, akafunga mlango, akaitoa kadi, akasoma kimoyomoyo, nami nikawa natazama midomo yake kama mjinga. Kisha akamshika Rukaiya mkono, jambo ambalo sikuwahi kumwona akilifanya, akamwambia hakuna vijidudu. Kilo hamsini na moja. Akaandika mstari mmoja chini ya kadi, akapiga mhuri, akatoa karatasi nyingine ya kwenda nayo nyumbani, akaandika mstari ule ule.

Nimelia. Nilisimama nje nyuma ya tangi la maji la kituo nikalia, na Rukaiya alikuja akanipigapiga mgongoni mpaka nikamaliza.

Nyamisati Haidari alituona toka mbali. Alishuka majini mpaka magotini. Rukaiya alimwambia mwenyewe, kwa sauti ya kawaida, kwamba amepona. Haidari akasema alhamdulillahi, akampandisha chomboni, akashika usukani, tukaondoka. Nikadhani yamekwisha hapo.

Tulipokuwa mlangoni akaniita. Alitaka kuiona karatasi. Haidari alisoma chuo cha Kurani tu, herufi za Kiarabu anazijua kuliko mimi, hizi nyingine hazijui. Nikashika usukani nikampa. Aliigeuza, akaigeuza tena, akaikinga na upepo kwa kiganja.

"Ni lipi?" akauliza.

Nikamwonyesha neno. Muzdalifa ameliandika kwa wino wa bluu, herufi kubwa: AMEPONA. Akaweka kidole juu yake. Sikumwomba arudi kwenye usukani, niliendesha mwenyewe mpaka Kiomboni, na tulipofunga kamba kidole kilikuwa bado pale.